Kichupa Kisichokuwa na Jina

Mwanamke wa Unguja akitoka nje, shingo yake haionwi na mtu. Buibui na ushungi vimefunika kila kitu kuanzia kidevuni kwenda chini. Ndiyo maana watu wakisikia kwamba nimewahi kuchomwa sindano za urembo za shingo na kifua, suali lao la kwanza huwa: za nini, na nani anaiona? Wanaouliza hivyo aghalabu ni wanaume. Wanawake wenzangu hawaulizi. Wanajua kwamba harusini, milango ikishafungwa na mabuibui yakishavuliwa, shingo na kifua ndipo macho yanapokwenda kwanza, kwa sababu ndipo dhahabu inapokaa.

Binti yangu wa pili alikuwa aolewe Mfunguo Mosi wa mwaka 2023. Nina kidani nilichorithi kwa marehemu mama, kipana, cha kukaa chini ya koo na kuteremka kifuani. Mwishoni mwa Rajabu nilikitoa sandukuni nikakijaribu mbele ya kioo. Nilikuwa na miaka hamsini na tatu. Niliona kamba mbili zimesimama kutoka tayani hadi kwenye mtulinga, ngozi ya katikati yao imelegea, na kifua kina madoadoa na mistari ya wima, kama kanga iliyokunjwa sandukuni miaka mingi. Uso wangu, alhamdulillah, ulikuwa bado mzuri. Palipoanza shingo palikuwa kama pa mtu mwengine.

Ngozi hiyo ina historia yake, nami naijua. Mimi ni mtu wa pwani ya mashariki, kule Bwejuu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani yetu mwaka 1989, na mimi niliingia majini mwaka 1992, nikatoka 2004. Maji yakitoka tunakwenda, tunainama juu ya kamba saa tatu, saa nne, na jua linatupiga mara mbili: lile la juu, na lile linalorudi kutoka majini. Kichwa tulifunga kanga na mikono tuliivalisha. Kifua kwa mbele ndicho kilichobaki wazi, pembe tatu pale kanga inapoachana. Mpaka leo mpaka wa hiyo pembe tatu unaonekana.

Nilipohamia mjini nikashika kazi ya kusinga maharusi, na hapo nikajidhuru kwa mkono wangu. Nilitaka pembe tatu ile ifanane na mwili mwengine. Kulikuwa na mama akichanganya krimu na kuziuza kwenye vikopo vya plastiki visivyoandikwa kitu, ule mkorogo tunaoujua sote. Niliupaka shingoni na kifuani karibu miaka sita. Madoa yalififia kweli mwaka wa kwanza. Baadaye ngozi ikawa nyembamba, vimishipa vikaonekana, na nikijigonga kidogo tu panavilia damu. Mikorogo ya namna ile huwa na haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania, na mara nyingi huwa na steroidi kama klobetasoli, ambayo ni dawa ya spitali. Steroidi ikipakwa muda mrefu inakula ngozi, inaifanya kama karatasi. Mimi ninayelipwa kwa kujua ngozi za watu sikuijua yangu.

Basi nikaambiwa na mteja wangu mmoja kuna msichana anachoma botoksi, zile sindano za kulainisha mikunjo, hapa hapa mjini. Sitaji mtaa wala sehemu. Ni chumba cha nyuma, kiti cha saluni, feni, na taa ya duara ya kupigia picha. Zilikuwa zimebaki siku nne kuingia Ramadhani. Msichana ana adabu, ananiita mama kila neno. Alifungua mkoba wake wa mkononi akatoa kichupa kilichoviringwa kwenye tishu. Ndani mna maji tayari, yamefika kama nusu. Kichupa hakina karatasi, pana gundi tu mahali ilipobanduliwa. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Botoksi, mama." Jina lile likanitosha. Nililisikia mara nyingi kwenye televisheni na kwenye simu, nikaona nimejibiwa.

Akanichoma shingoni, nadhani mara kumi na mbili au zaidi, kisha kwa bomba lile lile na dawa ile ile akateremka kifuani. "Hii inafaa kote." Hakuniuliza nina maradhi gani, natumia dawa gani. Nikatoa laki mbili na nusu, nikavaa ushungi wangu, nikenda zangu.

Funga ya tatu ndiyo siku ninayoikumbuka. Magharibi imeadhiniwa, nimekaa mkekani na wanangu, nikachukua tende moja kama kawaida. Nikaitafuna, nikaimeza, haikwenda. Ilisimama hapa kooni. Nikanywa maji kuisukuma, maji yakarudi kwa puani. Nilikohoa mpaka machozi, wanangu wakadhani nimepaliwa tu. Uji ukapita kwa shida, kijiko kwa kijiko. Usiku wakati wa daku nikataka kuinuka kitandani, kichwa hakikunyanyuka kutoka kwenye mto. Nikashika kisogo kwa mkono, nikakiinua kama unavyoinua kichwa cha mtoto mchanga. Na sauti, nilipomwita binti yangu, ilitoka ndogo, ya hewa. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli.

Spitali daktari aliniuliza masuali matatu: umechomwa dawa gani, kiasi gani, na lini. Nililoweza kujibu ni moja tu, lini. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Bi mkubwa, hapo umenifunga mikono." Sikuona kama ananilaumu. Alikuwa mtu anayetaka kunisaidia na hana pa kushika.

Alinieleza kwa lugha nyepesi, na mimi naieleza vile vile. Botoksi ni sumu ya kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, iliyosafishwa na kupunguzwa sana. Inazuia mshipa wa fahamu usitoe kemikali inayouamrisha msuli ujikaze, basi msuli unalegea. Inaanza kushika baada ya siku tatu mpaka saba hivi, inakamilika kama wiki mbili, na hudumu miezi mitatu au minne. Juu ya kipaji, ikitambaa kidogo kwenda pembeni, mtu hushuka kope. Shingoni, chini ya ule msuli mwembamba wa juu, pana misuli ya kumezea, ya sauti, na ya kuinulia kichwa. Dawa ikiwa nyingi au ikichomwa kwa kina, ndiyo hiyo inayoikuta. Na ile iliyokwisha kushika kwenye mshipa wa fahamu, hakuna dawa ya kuitoa. Inasubiriwa iishe yenyewe.

Walinibakisha usiku mmoja kuangalia pumzi yangu. Nikaambiwa nile chakula laini, nikae wima nikila, na nikisikia tu pumzi nzito nirudi mbio bila kungoja asubuhi. Saumu nikaruhusiwa kula. Nilikula siku tisa, nikazilipa baadaye. Msichana nilimpigia simu, mara ya kwanza akasema itapita, mara ya pili hakupokea tena. Ramadhani ile, na koo lisilomeza vizuri hata tone la maji, kila nikiona tende nilikuwa nalia.

Harusi ilipofika nilikuwa nameza, nikila taratibu. Vigelegele sikuweza. Mama wa biharusi, na nimekaa kimya, wenzangu wakadhani ni huzuni ya kumtoa mwana. Kidani nilikivaa. Kamba ya kulia ya shingo ilikuwa imelainika, ya kushoto imesimama pale pale, na kifua hakikubadilika hata chembe.

Nilikaa karibu miaka miwili sitaki kusikia neno sindano. Kilichonirudisha ni kutaka kujua. Kila nikimsinga biharusi na mama yake yuko pembeni, suali lilikuwa lile lile: bibie, vipi kuhusu hizi botoksi? Nikawa nawajibu kwa hofu yangu tu, na hofu haimwelezi mtu kitu. Januari 2025 nikapanda boti kwenda Dar es Salaam kumwona daktari wa ngozi, mwanamke, aliyesomea maradhi ya ngozi hasa. Nilikwenda kuuliza.

Kitu cha kwanza alichofanya aliniambia nikaze meno na kuvuta midomo chini, kama mtu anayesema "iii". Kamba mbili zikasimama. Akaniambia nilegeze, zikapungua. Kisha akanifinya ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaiachia, akatazama inarudi vipi. Kisha akanipa kioo akasema, "Mama, hapa unaona kitu kimoja: umezeeka. Mimi naona vitu vitano, na havitibiwi kwa kitu kimoja."

Kamba zile ni msuli uitwao platisma, mpana na mwembamba kama kitambaa, unaotoka juu ya kifua mpaka tayani. Hapo ndipo penye kazi ya botoksi. Mistari ya kulala, ile inayozunguka shingo, ni mikunjo ya ngozi yenyewe, na botoksi haiifanyi kitu kikubwa (bibi yangu akiiita pete, akimsifu mwari kwa pete za shingo, basi mimi hiyo sikutaka iguswe). Wembamba wa ngozi na mistari ya kifuani hutafutiwa sindano za aina nyengine: asidi ya hayaluroniki laini inayovuta maji ndani ya ngozi, au zile zinazoichochea ngozi itengeneze kolajeni yake, yaani nyuzi zinazoishikilia, kama asidi ya polilaktiki au kalsiamu haidroksilapatiti iliyozimuliwa sana. Madoadoa hayana sindano, yana kujikinga na jua na krimu ya daktari. Na ngozi iliyokwisha kuning'inia, alisema bila kunibembeleza, hakuna sindano inayoirudisha juu, hiyo ni ya kisu.

Nikamhadithia ya mwaka 2023. Aliniuliza kichupa kilitoka wapi. Nikamwambia mkobani. Akafungua friji ndogo ukutani akanionyesha. Botoksi ya kweli huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, unga wenyewe huwezi hata kuuona vizuri, na huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 mpaka 8. Huchanganywa na maji ya chumvi siku ya kutumiwa, mbele ya mgonjwa akitaka. Kila kichupa kina jina, namba ya toleo na tarehe ya kwisha. Tena vipimo vya kampuni moja havilingani na vya nyengine, yuniti kumi za hii si yuniti kumi za ile. Nikafikiri yale maji ya uvuguvugu yaliyoviringwa kwenye tishu, na joto letu la mwezi wa tatu. Yamkini yalikuwa dawa iliyochanganywa vibaya, yamkini yalikuwa ya bandia kabisa. Mwaka 2024 hata Marekani, mamlaka zao zilitoa tahadhari ya botoksi bandia baada ya watu kulazwa. Kwao kuna maabara na polisi, na bado iliingia.

Alinieleza na historia yake, nikaipenda kwa sababu ilinionyesha wapi nilipotumbukia. Dawa hii ilianza kwa macho. Daktari Alan Scott wa San Francisco aliitafutia kazi ya kunyoosha makengeza, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1989. Kanada, mjini Vancouver, daktari wa macho Jean Carruthers na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, waliona wagonjwa wa kope wanaondokewa na mikunjo ya kipaji. Marekani iliidhinisha ya mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Kwa kamba za shingo, idhini ilikuja Oktoba 2024. Madaktari walikuwa wakiichoma shingoni kabla ya hapo kwa ujuzi na dhamana yao, lakini hebu fikiria: mwaka niliochomwa mimi chumba cha nyuma, hata karatasi ya dawa halisi ilikuwa haijaandika shingo kwa ajili ya urembo.

Kisha akaniomba nipandishe mkono wa gauni. Alitaka kuona alama yangu ya chanjo ya utotoni, begani. Yangu imevimba, inang'aa, ngumu kama kokwa ya ukwaju. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akaniuliza kama inawasha. Inawasha, khasa wakati wa vuli. Akasema ngozi zetu nyeusi zina tabia ya kuotesha makovu ya namna hii, keloidi, na mahali yanapopenda zaidi ni kifuani, mabegani na masikioni. Juu ya hayo ngozi ya shingo na kifua ina vinyweleo na tezi za mafuta chache kuliko uso, kwa hiyo hupona polepole. Kila tundu la sindano kifuani mwangu lilikuwa bahati nasibu, na yule msichana hakunitazama hata bega. Nilipoyasikia hayo nilishika kifua changu kwa mkono, nikamshukuru Mungu palepale kwenye kiti.

Botoksi nilikataa, na yeye hakunishawishi. Tulikubaliana asidi ya hayaluroniki, kwanza sehemu ndogo chini ya mtulinga, tungoje wiki nane tuone kama kovu litaota. Aliniambia kwa nini anaichagua hii kwangu: ikiharibika, kuna dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidezi, na alinionyesha iko pale frijini. Zile za kuchochea kolajeni haziyeyushwi, zikifanya vinundu unakaa navyo. Tena fila, yaani sindano ya kujaza ngozi, ya aina yoyote ikiingia kwenye mshipa wa damu inaziba, ngozi inakuwa nyeupe, inauma sana, na hapo ni kukimbizana na saa. Nilimwambia kwamba sasa nikienda kwa mchoma sindano yeyote nitamuuliza hayaluronidezi iko wapi kabla ya kuuliza bei. Akacheka akasema ni vizuri.

Kovu halikuota. Wiki nane zilipotimia nikarudi, tukafanya kifua chote na kidogo upande wa shingo. Krimu ya ganzi saa nzima, kisha vichomo vidogo vidogo, kila kimoja kinaacha kinundu kama cha kuumwa na mbu. Vinundu vilikaa siku mbili. Pembeni mwa mtulinga palivilia rangi ya zambarau, wiki mbili. Baada ya mwezi na kitu ngozi ilikuwa imeshiba maji, mistari ya asubuhi ya kulala ubavu ikawa inafutika mapema. Madoa yapo. Pembe tatu ya mwani ipo. Kamba mbili zipo. Bei ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile laki mbili na nusu, bila ya boti, na kwa miezi sita mpaka tisa inakwisha, ukitaka unarudia. Mimi sijarudia. Ninachokifanya kila siku ni losheni ya kuzuia jua mpaka kifuani, hata ndani ya buibui, na mkorogo sigusi wala simpaki mtu. Biharusi akija ngozi imeshaanza kuwa karatasi, nasitisha singo, namwambia mama yake tukazungumze nje.

La dini nalo, maana nitaulizwa. Wako wanaosema ni kubadili umbile la Mwenyezi Mungu, na mwaka 2006 baraza la fatwa la Malaysia liliharamisha botoksi. Wako wanazuoni wanaoruhusu kwa masharti, la kwanza likiwa isidhuru. Mimi si mwanachuoni. Ninalojua ni kwamba karatasi ya dawa ile maarufu inaandika kuwa ndani mna albumini, protini itokanayo na damu ya binadamu, na Muislamu ana haki ya kuisoma kabla haijaingia mwilini mwake, akamuulize anayemwamini. Kichupa kilichobanduliwa karatasi kimemnyang'anya hata haki hiyo.

Daktari wa Dar, kila alipomaliza, alibandua kile kibandiko kidogo chenye namba ya toleo akakibandika kwenye kadi, akaandika tarehe, kiasi na mahali alipochoma, akanipa. Kadi hiyo naiweka ndani ya sanduku la kidani.

Mwezi uliopita shoga yangu alikuja tukishona vikuba vya harusi ya mwanawe. Akanionyesha simu: sindano za shingo, bei ya sikukuu. Nikamtolea kadi, nikamwonyesha kibandiko. Nikamwambia piga, weka sauti, uliza jina la dawa, namba ya toleo, na nani anachoma. Akapiga. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole, ikamwita mama. "Ni dawa nzuri tu mama, ya nje. Wewe njoo utaiona." Akauliza tena, namba ya toleo. Kule kukawa kimya, tukasikia feni inazunguka, kisha simu ikakatwa. Shoga yangu akaiweka chini karibu na sinia ya asumini, akapandisha mkono wa dera lake, akaniuliza, "Hebu nitazame. Hii yangu ya chanjo nayo imevimba?"